Francis Xavier, mhubiri aliyeponzwa na tafsiri ya neno moja

Mwaka 1551, katika mji wa Yamaguchi nchini Japani, mhubiri kutoka Ulaya alimtuma mwenzake mitaani kuwaambia watu wasimwabudu Dainichi. Watu walishangaa. Tangu afike nchini humo, ni yeye huyo huyo aliyekuwa akiwahimiza wamwabudu.

Mhubiri huyo ni Francis Xavier, ambaye Wakatoliki wa Afrika Mashariki humwita Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Alizaliwa mwaka 1506 huko Navarre, katika Hispania ya leo, akasoma Paris na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti.

Aliondoka Lisbon mwaka 1541 kwa merikebu za Ureno zilizokwenda India. Alikaa miezi kadhaa katika Kisiwa cha Msumbiji, na mwaka 1542 akapita Malindi. Hapo alizungumza na Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini, aliyesikitika kwamba misikiti mingi haikuwa na watu. Walitofautiana kwa mengi, lakini wote wawili walimjua Mungu mmoja, Muumba wa vyote.

Mwaka 1547, katika bandari ya Malacca, Xavier alikutana na Mjapani aitwaye Anjirō, aliyekimbia kwao Kagoshima baada ya kuua mtu. Anjirō alibatizwa Goa, kisha akawa mkalimani wa safari ya Japani. Walitia nanga Kagoshima Agosti 15, 1549, wakiwa katika jahazi la Mchina.

Ilibidi litafutwe neno la Kijapani la kumtaja Mungu. Anjirō, ambaye hakuwa na elimu ya vitabu vya dini ya kwao, alichagua Dainichi, maana yake Jua Kuu. Hakukusudia kudanganya. Xavier aliamini kwamba kila dini lazima iwe na Muumba juu yake, na mkalimani akampa jina kubwa kuliko yote aliyoyajua.

Dainichi ni Buddha mkuu wa madhehebu ya Shingon. Kwao, ulimwengu wenyewe ndio mwili wake. Hakusimama nje ya ulimwengu akauumba, wala hangoji siku ya kuuhukumu. Ubudha haumtegemei Muumba. Unafundisha chanzo cha mateso na njia ya kuyamaliza.

Watawa wa Shingon walimpokea Xavier kwa furaha, wakidhani mafundisho yao ni mamoja. Alipowauliza kwa kina kuhusu Utatu, na kuhusu Mungu kufanyika mtu na kufa msalabani, ndipo alipogundua kosa. Akaliacha neno Dainichi na kutumia Deus, neno la Kilatini. Wapinzani wake wakaligeuza kuwa dai uso, yaani uongo mkubwa.

Wajapani nao walikuwa na maswali. Ikiwa Muumba ni mwema, kwa nini uovu upo? Na kama njia ya wokovu ni moja, mbona mababu zao hawakuambiwa? Waumini wapya walilia waliposikia kwamba waliokwisha kufa hawawezi kuokolewa, na Xavier mwenyewe aliguswa na machozi yao.

Aliondoka Japani mwishoni mwa mwaka 1551, akitaka kuingia China. Alifariki Desemba 3, 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, akimngoja mfanyabiashara wa Kichina aliyeahidi kumvusha kwa malipo lakini hakutokea. Mwili wake uko Goa hadi leo.

Mwaka huo huo wa 1552, mtawala wa Yamaguchi aliwapa Wajesuiti hati ya kujenga nyumba yao ya ibada. Hati hiyo ilisema wamekuja kueneza sheria ya Buddha. Mgeni alikuwa amemtafuta Mungu wake ndani ya dini ya wenyeji, na wenyeji nao wakamwona mgeni kuwa mtawa wa Buddha.