Omar Said Bakor wa Lamu: Fundi Aliyeitawala Nuru

Picha ikitoka nyeupe mno, uso umefutika, sisi watu wa pwani husema imeungua. Mteja huirudisha kwa hasira, na mpiga picha huomba radhi. Lakini je, fundi akizidisha nuru kwa kusudi lake, hilo nalo tuliite kosa? Jawabu tutalipata tukiyatazama maisha ya marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Bakor alizaliwa mwaka 1932. Kazi ya picha hakusomeshwa na mtu. Aliitafuta mwenyewe kwa kujaribu na kukosea. Kwanza alipiga picha mitaani, na katika miaka ya 1960 akafungua studio yake mjini Lamu. Waliofika hapo walitaka ukumbusho wa sura zao, naye aliwapatia. Lakini kufananisha tu hakukumtosha. Alishika mkasi, akazikata picha na kuziunganisha, hata uso wa mtu ukaonekana mahali ambapo uso hauwezi kukaa hapa duniani.

Kazi kama hiyo yataka kuijua nuru khasa. Karatasi ya picha asili yake ni nyeupe, na nuru ndiyo huitia weusi. Palipozibwa hubaki peupe. Negativu iliyopata nuru nyingi huwa nzito, ikazuia mwanga usipite, na ndiyo maana picha yake hutoka nyeupe. Ajuaye hesabu hii, akiwa katika chumba cha giza, aweza kuziba upande huu na kuufungua ule, au kutia negativu mbili juu ya karatasi moja. Hapo kamera haiamui tena lolote. Mwenye kuamua ni fundi.

Na tukumbuke mji wenyewe. Lamu ni mji wa misikiti na vyuo, mji wa Maulidi ya Riyadha. Katika Uislamu wako wanavyuoni wanaokataza picha za viumbe wenye roho, wakichelea mwanadamu asije akajifananisha na Muumba. Wako wengine wanaosema kamera hushika kivuli tu, kama kioo. Kwa maoni yangu, picha za Bakor zasimama mahali pa peke yake katika mjadala huo. Picha ya kawaida hujidai kuwa ni mtu mwenyewe. Zake zilikiri waziwazi kuwa ni karatasi na kazi ya mkono. Hakuna awezaye kuzitazama akadhani ameona kiumbe.

Bakor alifariki mwaka 1993. Mtaalamu wa Kijerumani, Heike Behrend, amezichunguza kazi zake, na mwaka 2013 alitoa kitabu juu ya upigaji picha katika pwani yetu. Mambo aliyoyafanya Bakor kwa mkasi na subira, leo kijana huyafanya kwa simu kwa dakika moja.

Basi kosa ni lile lililomponyoka fundi asijue. Alilolikusudia ni sanaa yake, tuipende tusiipende. Msomaji, ukifungua sanduku la picha za wazee ukaona moja iliyojaa weupe, usiitupe kwa haraka. Nuru ikizidi nayo huwa pazia, na huenda aliyeliteremsha alikuwa na sababu yake.