Rachel Carson, mtaalamu aliyepeleka habari za bahari mbele ya watunga sheria

Tarehe 4 Juni 1963, Rachel Carson aliketi mbele ya kamati ya Seneti mjini Washington, Marekani, kueleza hatari ya dawa za kuua wadudu. Wengi waliomsikiliza hawakujua kwamba alikuwa na kansa ya titi. Aliificha ili makampuni ya dawa yasipate sababu ya kusema anaandika kwa hasira ya mgonjwa.

Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, mbali na bahari. Chuoni alianza na masomo ya lugha, kisha akageukia biolojia. Bahari aliiona kwa mara ya kwanza mwaka wa 1929, alipokwenda kwenye kituo cha utafiti cha Woods Hole.

Baba yake alifariki mwaka wa 1935, na mzigo wa familia ukamwangukia yeye. Ofisi ya serikali inayohusika na uvuvi ilimpa kazi ya kuandika vipindi vya redio kuhusu viumbe vya majini. Mwaka wa 1937 dada yake naye alifariki, akaacha mabinti wawili, na Carson akawalea pamoja na mama yake. Mchana alikuwa kazini, usiku aliandika.

Kitabu chake The Sea Around Us kilitoka mwaka wa 1951 na kilikaa wiki 86 kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana. Humo alieleza namna bahari inavyotunza joto na kuongoza hali ya hewa ya dunia nzima. Alionyesha pia kwamba maeneo ya kaskazini yalikuwa yakipata joto, barafu ikipungua, na samaki aina ya chewa wakihamia Greenland. Wakati huo alidhani sababu ni mizunguko ya asili ya bahari. Hata hivyo, wasomaji wa kawaida walielewa kwamba hali ya hewa ikibadilika, samaki nao huhama.

Mwaka wa 1961, katika toleo jipya la kitabu hicho, alionya dhidi ya kutupa taka za nyuklia baharini.

Wakati huo alikuwa tayari akichunguza dawa za wadudu, hasa DDT. Mfano mmoja aliokusanya ulitoka mto Miramichi nchini Kanada, ambako samaki aina ya salmoni hupanda kutoka baharini kuzaa. Mwaka wa 1954 ndege zilimwaga DDT juu ya misitu ili kuua wadudu wa miti. Baada ya siku chache, salmoni wadogo walionekana wamekufa kandokando ya mto. Watafiti walikuwa wakiwahesabu samaki wa mto huo tangu miaka ya nyuma, kwa hiyo hasara ilionekana kwa hesabu kamili.

Kitabu Silent Spring kilitoka mwezi wa 9 mwaka wa 1962. Makampuni yalimshambulia na kumwita mtu wa kutia watu hofu, ingawa hakuomba dawa zote zipigwe marufuku. Aliomba zitumiwe kwa uangalifu na raia waambiwe ukweli. Raisi John F. Kennedy aliwapa washauri wake wa sayansi kazi ya kuchunguza jambo hilo. Ripoti yao ya mwezi wa 5 mwaka wa 1963 iliunga mkono sehemu kubwa ya maneno yake. Wiki chache baadaye, akaenda Seneti.

Carson alifariki tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Hakuyaona matunda. Mwaka wa 1972 Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani. Mwaka huohuo mataifa yalikubaliana mkataba wa London wa kuzuia kutupa taka baharini. Mwari wa kahawia, ndege wa pwani ambaye mayai yake yalikuwa yakipasuka kwa sababu ya DDT, aliongezeka tena, na mwaka wa 2009 aliondolewa kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini nchini humo.

Leo, wataalamu wanapowaonyesha wabunge na mawaziri namna joto linavyohamisha samaki, wanafuata njia yake: kuhesabu kwanza, kueleza kwa maneno mepesi, kisha kwenda mbele ya wale wanaotunga sheria.