Daktari Alois Alzheimer na Ugonjwa wa Kusahau

Jina la Alzheimer hutajwa katika hospitali za dunia nzima, lakini ni wachache wajuao kwamba lilikuwa jina la mtu. Twaeleza hapa maisha yake kwa kifupi, kwa sababu ugonjwa alioufumbua huwapata wazee wa kila nchi, na wazee wetu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa wamo.

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 Juni, 1864, katika mji mdogo wa Marktbreit, jimbo la Bavaria, Ujerumani. Alisoma udaktari Berlin, Tübingen na Würzburg, akahitimu mwaka 1887. Mwaka uliofuata akapata kazi Frankfurt, katika hospitali ya wagonjwa wa akili na wa kifafa. Siku zile ilikuwa desturi ya mahali pengi kuwafunga wagonjwa wa namna hiyo. Alzheimer na mkubwa wake, Emil Sioli, waliipunguza sana desturi hiyo, wakawatuliza wagonjwa kwa kuwaogesha maji ya vuguvugu na kuzungumza nao. Mwaka 1889 akaja Franz Nissl, aliyebuni njia ya kuvitia rangi vipande vyembamba vya ubongo ili chembe zake zionekane. Wakawa marafiki. Mchana waliwatibu wagonjwa, na usiku waliinamia hadubini.

Mwaka 1894 Alzheimer alimwoa mjane aitwaye Cecilie, wakajaliwa watoto watatu. Lakini mwaka 1901 Cecilie akafariki, na dada yake Alzheimer akaja kuwalea watoto. Yeye mwenyewe akazidi kujitia kazini.

Mwezi Novemba mwaka ule ule akapokelewa mgonjwa wa miaka 51, Mama Auguste Deter. Alikuwa akisahau mambo, akimwonea mumewe wivu bila sababu, na kuvificha vitu vya nyumbani. Alzheimer akaketi naye siku kwa siku, akimwuliza maswali na kuyaandika majibu. Akionyeshwa kitu aliweza kukitaja, na punde akasahau kwamba ameonyeshwa. Akiambiwa aandike jina lake, alishindwa kulimaliza. Watu wamezoea kusema kwamba kusahau ni uzee tu. Lakini mama huyu hakuwa mzee, na hilo ndilo lililomfanya daktari asimwache.

Baadaye Alzheimer alihamia Heidelberg, na mwaka 1903 akafika Munich kufanya kazi chini ya Profesa Emil Kraepelin. Hata hivyo aliendelea kuuliza habari za yule mama. Alipofariki tarehe 8 Aprili, 1906, aliomba aletewe ubongo wake pamoja na maandishi ya hospitali. Mwaka huo ndio ambao huku kwetu serikali ya Wajerumani ilikuwa ikipigana vita vya Maji Maji, na mashujaa wa Ungoni wakanyongwa Songea.

Hadubini ilimwonyesha mambo mawili. Ndani ya chembe za ubongo mlikuwa na nyuzi zilizosokotana, na baina ya chembe kulikuwa na mabaka ya kitu kilichoganda. Chembe nyingi zilikuwa zimekufa, na ubongo wenyewe umesinyaa. Tarehe 3 Novemba, 1906, aliyaeleza hayo Tübingen mbele ya mkutano wa madaktari. Alipokwisha, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Hakukata tamaa. Mwaka 1907 aliyachapisha, na mwaka 1910 Kraepelin akaupa ugonjwa huo jina la Alzheimer katika kitabu chake.

Mwaka 1912 aliteuliwa kuwa profesa Breslau, mji uitwao leo Wrocław, nchini Poland. Aliugua safarini ndani ya treni, na hakupona sawasawa tena. Alifariki tarehe 19 Desemba, 1915, akiwa na miaka 51, umri ule ule wa Mama Auguste alipoletwa kwake. Alizikwa Frankfurt kando ya mkewe. Faili la yule mama lilipotea kwa miaka mingi, likapatikana mwaka 1995.

Tangu hapo elimu imesonga mbele. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay ajua kwamba wavu hauvui kwa uzi mmoja, ila kwa nyuzi nyingi zilizofungamana. Ubongo nao ni hivyo. Mashine zipigazo picha kwa nguvu ya sumaku zimeonyesha kwamba kwa mgonjwa wa Alzheimer mawasiliano kati ya sehemu za ubongo hulegea, hasa yale yanayohusu kumbukumbu. Hata kwa watu wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu, ambao bado hujitegemea kwa shughuli zao, mafundo huonekana yakianza kulegea, na pengine sehemu nyingine hufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kufidia. Si wote wenye upungufu huo hupatwa na ugonjwa. Wengine hubaki walivyo, na wengine hupata nafuu.

Ugonjwa huu si wa Ulaya peke yake. Uchunguzi wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, uliona kwamba kati ya wazee 100 wenye miaka 70 au zaidi, kama 6 wana maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili, na Alzheimer ni mojawapo ya maradhi hayo. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Kwa hiyo dawa kubwa iliyo mikononi mwetu ni utunzaji mwema.

Hapa ndipo penye somo letu. Bibi akipotea njia ya kisimani aliyoipita miaka 50, au babu akimshutumu mjukuu kwamba kamwibia jembe alilolificha mwenyewe, wako watu wepesi wa kusema kwamba ni uchawi au laana. Katika nchi yetu wazee wameteswa, hata kuuawa, kwa maneno kama hayo. Alzheimer hakumcheka mgonjwa wake wala hakumwogopa. Alivuta kiti, akaketi, akamsikiliza. Nasi tunaweza kufanya hivyo nyumbani wakati wa likizo, tena tumpeleke mzee hospitali mapema, maana si kila kusahau ni ugonjwa huu, na kusahau kwingine kwatibika.