Mama Dorothy Sayers na watoto waliosikia Injili redioni

Desemba 1941 Waingereza walikuwa na mambo mengi ya kuwahangaisha. Mabomu yalikuwa yamebomoa sehemu kubwa za miji yao, watoto wengi walikuwa wametenganishwa na wazazi wao na kupelekwa vijijini, na chakula kiligawiwa kwa kipimo. Lakini majuma yale magazeti yalijaa ugomvi mwingine, ugomvi uliofika hadi Bungeni. Mwanamke mmoja aliyejulikana kwa hadithi za upelelezi alikuwa ameandika maisha ya Bwana Yesu kuwa mchezo wa redio kwa ajili ya watoto. Ndani ya mchezo huo Yesu mwenyewe alisikika akisema, kwa sauti ya mwigizaji.

Jina lake ni Dorothy Leigh Sayers. Tunamkumbuka hapa kwa sababu wengi wetu tunafundisha watoto Jumapili, tunatayarisha michezo ya Noeli na Pasaka, na katika baadhi ya makanisa yetu kuna vijana wanaorekodi hadithi za Biblia kwa simu na kuzipeleka redioni. Kazi hiyo ina watangulizi, na huyu mama ni mmoja wao.

Alizaliwa Oxford tarehe 13 Juni 1893, mtoto wa pekee wa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Baba yake alikuwa pia mwalimu wa shule ya waimbaji. Dorothy alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, familia ilihamia Bluntisham, parokia ya mashambani kwenye nchi tambarare yenye maji mengi. Baba alianza kumfundisha Kilatini angali mdogo sana. Nyumbani kulikuwa na vitabu na michezo: alipopenda kitabu cha Alexandre Dumas kuhusu askari watatu wa mfalme, aliwagawia watu wa nyumbani majina ya wahusika, naye akachukua lake, na wakaigiza.

Katika utoto huo kuna jambo moja tunaloliona kuwa mbegu ya yote yaliyofuata. Dorothy alikuwa amesoma habari za Koreshi mfalme wa Uajemi katika hadithi za kale za Wagiriki, na akamweka upande wa historia. Kisha siku moja akagundua kwamba Koreshi huyo ndiye yule anayetajwa katika Biblia. Alishtuka. Mpaka hapo watu wa Biblia walikuwa wakiishi katika dunia yao peke yao, dunia isiyo na tarehe wala barabara. Sasa ukuta ulianguka: watu wa Biblia waliishi katika nchi ileile na wakati uleule kama watu wengine. Akiwa mtu mzima aliandika juu ya mshangao huo. Tukijiuliza kama watoto wetu wanajua kwamba Pilato alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara na wakubwa wa kuwaogopa, tutaona mbegu hii ina uzito gani.

Alisoma Chuo cha Somerville, Oxford, akamaliza mwaka 1915 kwa alama za juu kabisa katika lugha. Wakati huo Oxford haikuwapa wanawake shahada, hata wakishinda mitihani. Alingoja hadi 1920, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuipokea.

Kuanzia 1922 hadi 1931 alifanya kazi London katika kampuni ya matangazo ya biashara. Kazi hiyo ilimfundisha kusema neno lenye nguvu kwa maneno machache. Mwaka 1923 alitoa kitabu chake cha kwanza cha upelelezi, na mhusika wake Lord Peter Wimsey akampa jina na fedha. Lakini miaka hiyo ilikuwa pia na uchungu. Mwaka 1924 alizaa mtoto wa kiume nje ya ndoa. Binti kasisi, katika nchi ile na wakati ule, hakuona mahali pa kulisema. Binamu yake, aliyekuwa akilea watoto wa wengine, alimpokea mtoto, na Dorothy akaendelea kugharamia malezi yake. Mwaka 1926 aliolewa na Mac Fleming, mwandishi wa habari ambaye afya yake haikuwa njema tangu vita ya kwanza ya dunia. Mtoto hakuja kuishi nao. Watu kwa jumla walikuja kujua habari hii baada ya mama kufa. Hatuitaji ili kumwaibisha. Mwanamke aliyewaandikia watoto wa taifa zima habari za Bwana alikuwa na mtoto ambaye hakuweza kumwita wake mbele ya watu, nasi tunaosoma michezo yake hatuwezi kulisahau hilo.

Kanisa lilimwita polepole. Mwaka 1937 aliandika mchezo kwa ajili ya Kanisa Kuu la Canterbury, na siku ya Noeli ya 1938 BBC ilitangaza mchezo wake wa kuzaliwa kwa Yesu. Mapema mwaka 1940 James Welch, mkuu wa vipindi vya dini wa BBC na mtu aliyewahi kuwa mmisionari Nigeria, alimwandikia akimwomba michezo mfululizo juu ya maisha ya Yesu kwa kipindi cha watoto cha Jumapili. Alikubali kwa masharti: Yesu awe mhusika anayesema, na watu wote waseme lugha ya kawaida ya siku zile, pasipo Kiingereza cha Biblia ya zamani.

Sharti la kwanza lilikuwa zito kuliko linavyoonekana kwetu. Uingereza wakati ule hakuna aliyeruhusiwa kuigiza Mungu wala Kristo jukwaani. Redio ilipata njia kwa sababu hapakuwa na jukwaa wala watazamaji: studio ilikuwa na waigizaji na vipaza sauti tu.

Ugomvi wa kwanza ulitoka ndani ya BBC yenyewe. Wasimamizi wa kipindi cha watoto walisoma mchezo wa kwanza wakaona sehemu fulani ni ngumu kwa watoto, wakataka kuzipunguza na kuzirahisisha. Mama Sayers aliwaka. Kwake yeye mtoto anaweza kubeba neno asilolielewa lote, mradi hadithi inatembea na watu wake ni watu wa kweli. Lile lililo juu yake litamngoja akue. Mabishano yalifika mahali akararua mkataba wake na kuurudisha vipande vipande. Sisi tunakiri kwamba hasira yake ilikuwa kali mno, na wenzake wale hawakuwa wajinga. Kufanya kazi na watoto kila siku kunampa mtu ujuzi wake. Lakini katika lile jambo kubwa tuko upande wake. Mara ngapi tumewapa watoto Yesu mpole asiye na adui, kisha tukashangaa wakifika miaka 15 wanamwacha pamoja na vitu vingine vya utotoni? Welch alikuwa mtu wa subira. Alimrudisha kazini na kumpa Val Gielgud, mkuu wa idara ya michezo, awe mwongozaji.

Alifanya kazi hiyo kama mwanafunzi wa chuo. Alirudi kwenye Agano Jipya la Kigiriki, akalinganisha Injili nne. Halafu akakutana na taabu inayomkuta kila anayeandika kwa ajili ya sikio. Katika kitabu msomaji huona jina la anayesema. Redioni mtoto hana kitu ila sauti, na wanafunzi 12 wenye sauti zinazofanana ni kelele tu. Kwa hiyo kila mmoja alipewa namna yake ya kusema. Mathayo, mtoza ushuru, alipata lafudhi ya mtu wa mitaa ya London. Kwa kila mchezo aliandika maelezo marefu kwa ajili ya waigizaji: huyu ni mtu wa namna gani, anataka nini, anaogopa nini. Msimuliaji, aliyeitwa Mwinjili, alishona matukio pamoja kwa maneno ya Maandiko.

Tena alitafuta uzi wa kumshika msikilizaji kwa michezo 12. Yule akida wa Kapernaumu aliyeombea mtumishi wake alimpa jina Proclus, akamfanya awe kijana katika jumba la Herode kwenye mchezo wa kwanza, kisha akamleta tena msalabani. Biblia haisemi hivyo. Lakini mtoto aliyemsikia akiwa kijana anamtambua akiwa mzee chini ya msalaba, na inamgusa.

Yuda ndiye aliyemsumbua zaidi. Hakutaka kumfanya mwizi mjinga, kwa sababu hapo lingebaki swali kwa nini Yesu alimchagua. Akamwandika kuwa mwanafunzi mwenye akili kuliko wote, aliyeielewa njia ya Bwana mapema, na ambaye kiburi chake kilimfanya aamini kwamba Yesu ameisaliti njia hiyo. Ili kumfikisha hapo alibuni mwanamapinduzi aitwaye Baruku, anayempa Yesu uchaguzi kati ya farasi wa vita na punda wa amani. Yesu anaingia Yerusalemu juu ya punda, lakini Yuda ameshasoma mambo vibaya. Wako watakaosema aliongeza mno. Sisi pia hatukupendezwa na yote. Kwa mfano, alimfanya Mariamu wa Bethania kuwa mtu mmoja na Mariamu Magdalene, na Maandiko hayatupi ruhusa hiyo waziwazi. Anayetaka kufuata mfano wake na watoto wa kanisa lake afadhali awaambie baadaye lipi limetoka katika Injili na lipi limebuniwa.

Tarehe 10 Desemba 1941 alikutana na waandishi wa habari na kuwasomea sehemu. Kesho yake magazeti yakatangaza kwamba maisha ya Kristo yatasemwa kwa lugha ya mtaani. Vyama vya Kiprotestanti, hasa kile cha kuilinda Siku ya Bwana, vilisimama kupinga. Matangazo yalilipiwa, barua zikaandikwa, Waziri Mkuu akaombwa azuie, swali likaulizwa Bungeni. Wapingaji hao walikuwa ndugu zetu katika imani, na waliogopa jambo la haki: kwamba sauti ya mtu wa kawaida itaigeuza heshima ya Mwana wa Mungu kuwa mzaha. Wengi wao walikuwa hawajasoma hata ukurasa mmoja wa michezo yenyewe. BBC iliwauliza washauri wake wa makanisa, nao wakakubali iendelee.

Mchezo wa kwanza ulisikika Jumapili tarehe 21 Desemba 1941, Robert Speaight akiwa sauti ya Yesu. Michezo iliyobaki ilifuata takriban kila majuma manne, hadi wa mwisho tarehe 18 Oktoba 1942. Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani Februari 1942, kuna waliosema ni adhabu ya Mungu kwa sababu ya michezo hiyo. Lakini barua nyingi za wasikilizaji zilikuwa za shukrani, na wazazi walisikiliza pamoja na watoto wao.

Mwaka 1943 michezo ilitoka kuwa kitabu. Mwandishi C. S. Lewis alikuwa akikisoma kila Juma Takatifu. Mwaka huohuo Askofu Mkuu William Temple alitaka kumpa mama Sayers shahada ya heshima ya theolojia, naye akaikataa kwa upole.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kutafsiri shairi kubwa la Dante kutoka Kiitaliano. Sehemu ya kwanza ilitoka 1949, ya pili 1955. Tarehe 17 Desemba 1957 alikufa ghafula nyumbani kwake Witham, akiwa na miaka 64, sehemu ya tatu ikiwa haijaisha. Rafiki yake Barbara Reynolds aliimaliza. Mali yake yote aliiacha kwa mwanawe.