Gordon Banks: Kipa aliyemzuia Pele, kisha ajali ikamtoa langoni

Ukimtaja Gordon Banks kwa wapenda soka wengi, watakukumbusha mpira mmoja tu: kichwa cha Pele alichokipangua mwaka 1970. Lakini kazi ngumu kuliko ile aliifanya miaka saba baadaye, akiwa na jicho moja.

Banks alizaliwa Desemba 30, 1937 mjini Sheffield, Uingereza. Aliacha shule akiwa na miaka 15, akapata kibarua cha kujaza makaa ya mawe kwenye magunia, kisha akawa anabebea mafundi matofali.

Chesterfield ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1959 Leicester City ikamnunua kwa pauni 7,000, na mwaka 1966 alikuwa langoni England ikitwaa Kombe la Dunia. Hadi nusu fainali hakuwa ameruhusu bao, na aliyemfunga wa kwanza ni Eusebio wa Ureno, tena kwa penalti. Pamoja na hayo, mwaka uliofuata Leicester ikamuuza kwa Stoke City. Kinda Peter Shilton alishaiva.

Juni 7, 1970, Guadalajara, Mexico. Jairzinho akamimina krosi, Pele akaruka na kuupiga kichwa kuelekea chini, karibu na nguzo. Banks akakimbia kutoka nguzo ya pili, akajirusha na kuupandisha juu ya mwamba. Brazil ilishinda 1-0, lakini dunia ikamkumbuka kipa wa timu iliyofungwa.

Mwaka 1972 mambo yalimnyookea. Stoke ikabeba Kombe la Ligi, naye akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka. Kumbe mwaka huohuo, Oktoba 22, akiwa anaendesha gari kurudi nyumbani, akagongana na gari jingine. Vioo vilimchana uso, na jicho la kulia halikuona tena. Alikuwa na miaka 34.

Alijaribu kurudi mazoezini. Shida ni kwamba kipa yeyote, awe wa Wembley au wa uwanja wa vumbi hapa Bukundi, hutumia macho yote mawili kupima umbali wa mpira. Ukiwa na moja, unadhani bado uko mbali, kumbe umeshafika. Mwaka 1973 akatangaza kustaafu, akiwa ameichezea England mechi 73.

Wengi walijua ndiyo basi tena. Lakini mwaka 1977, akiwa na miaka 39, akaenda Marekani kudakia Fort Lauderdale Strikers. Msimu huo jamaa wa jicho moja akawa kipa bora wa ligi nzima.

Banks alifariki Februari 12, 2019, akiwa na miaka 81. Sanamu yake ipo Stoke. Aliyekwenda kuizindua mwaka 2008 ni Pele mwenyewe.