John McLendon: Kocha aliyefunzwa na mwasisi wa mpira wa vikapu, akanyimwa uwanja

KATIKA historia ya mpira wa vikapu wa vyuo nchini Marekani, ni makocha wachache walioubadilisha mchezo huo kama marehemu John McLendon, na ni wachache zaidi ambao mchango wao ulichelewa kutambuliwa kama wake.

McLendon alifunzwa na mtu yule yule aliyebuni mchezo huo, lakini hakuruhusiwa kukichezea chuo chake hata siku moja kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Aliingia katika ukocha akiwa naibu, akatwaa mataji matatu ya kitaifa kwa mfululizo, na miaka 31 baada ya kuanza kazi bado alikuwa katika benchi la kiufundi akimsaidia kocha mwingine.

Alizaliwa Aprili 5, 1915 katika mji mdogo wa Hiawatha, jimbo la Kansas. Mamake alifariki wakati wa janga la homa ya mafua lililoitikisa dunia mwaka wa 1918, na watoto wakagawanywa miongoni mwa jamaa. Ni baada ya babake kuoa tena ndipo familia ilipokusanyika upya katika jiji la Kansas City, upande wa Kansas, na hapo ndipo kijana huyo alipouona mpira wa vikapu kwa mara ya kwanza.

Aliupenda papo hapo. Hakuwa na umbo wala kipaji cha kumfanya mchezaji nyota, na mapema akaamua kwamba atakuwa kocha.

Chini ya Naismith

Mnamo 1933, McLendon alijiunga na Chuo Kikuu cha Kansas kilichoko mjini Lawrence. Babake alikuwa amesikia kuwa Dkt James Naismith, mwasisi wa mchezo huo, alikuwa mhadhiri huko. Alimwagiza mwanawe amtafute mzee huyo na kumweleza kwamba yeye ndiye atakayekuwa mshauri wake wa masomo. Kijana alifanya kama alivyoagizwa, naye Naismith akakubali.

Naismith, mzaliwa wa Canada, ndiye aliyetundika vikapu viwili vya kubebea matunda katika ukumbi wa mazoezi mjini Springfield, Massachusetts, mnamo Desemba 1891 na kuandika kanuni 13 za mchezo mpya. Alikuwa Kansas tangu 1898, na wakati McLendon alipofika alikuwa amepita umri wa miaka 70.

Timu ya chuo ilikuwa mikononi mwa kocha Forrest Allen, na haikuwa na nafasi kwa mwanafunzi mweusi. Ilikuwa hadi mwaka wa 1951 ndipo Mmarekani mweusi wa kwanza, LaVannes Squires, alipovaa jezi ya timu hiyo. Hivyo McLendon akawa mwanafunzi wa mwasisi wa mchezo ambao hakuruhusiwa kuucheza katika chuo hicho hicho.

Ubaguzi haukukomea uwanjani. Wanafunzi wa elimu ya mazoezi ya viungo walihitajika kufaulu katika uogeleaji, lakini weusi walizuiwa kutumia kidimbwi cha chuo. McLendon alipojitosa majini, maji yote yalimwagwa. Hakulegeza kamba, na kwa msaada wa Naismith, wasimamizi walilazimika kukifungua kidimbwi hicho kwa wanafunzi wote.

Kutoka kwa mzee huyo alibeba fundisho moja lililotawala maisha yake yote. Naismith aliamini kwamba mchezo wake unapaswa kuchezwa katika uwanja mzima. Popote mpira ulipo, hapo ndipo shambulizi linapoanzia, na popote mpinzani alipo na mpira, hapo ndipo ulinzi unapoanzia. Siku hizo timu nyingi zilizoea kurudi nyuma, kujipanga, kisha kupitisha mpira taratibu zikisubiri nafasi ya kurusha.

McLendon alihitimu mwaka wa 1936 akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi kusomea elimu ya mazoezi ya viungo katika chuo hicho. Mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa.

Naibu kocha mjini Durham

Mnamo 1937 aliajiriwa kuwa naibu kocha katika Chuo cha North Carolina, kilichokuwa cha weusi pekee, mjini Durham. Leo chuo hicho kinafahamika kama North Carolina Central University.

Kwa miaka mitatu alihudumu kama msaidizi, kazi ambayo katika vyuo vidogo vya wakati huo ilimaanisha kufundisha darasani, kuandaa mazoezi na kushika lolote lililohitaji mkono. Kufikia 1940 alikabidhiwa timu kuwa kocha mkuu, naye akaanza kutekeleza aliyofunzwa Kansas.

Alianza na miguu. Wachezaji wake walikimbia sana kabla ya kuruhusiwa kushika mpira, kwa kuwa mtindo wake haukuwezekana kwa mtu mwenye pumzi fupi. Mara tu mpira ulipodakwa chini ya kikapu chao, ulirushwa mbele upesi huku wenzake wakifyatuka kuelekea upande wa pili kabla ya wapinzani kujipanga. Walipoupoteza, hawakurudi nyuma. Waliwabana wapinzani pale pale hadi wakosee.

Aidha, anatambuliwa kama mmoja wa waasisi wa mbinu ya kuwatawanya wachezaji katika pembe za uwanja ili kulinda uongozi na kupoteza muda. Mbinu hiyo ilikuja kuvuma miaka mingi baadaye kupitia kwa kocha Dean Smith wa Chuo Kikuu cha North Carolina.

Mechi ya siri

Katika msimu wa 1943-44, vijana wa McLendon walipoteza mechi moja tu. Hata hivyo, mashindano makuu ya kitaifa ya vyuo hayakualika timu za weusi, hivyo hawakuwa na namna ya kuonyesha ubora wao mbele ya taifa.

Katika mji huo huo wa Durham, Chuo Kikuu cha Duke kilikuwa na timu ya shule yake ya udaktari. Wengi wa wachezaji wake walikuwa wamewahi kung'aa katika vyuo vingine kabla ya kuletwa Duke na mpango wa kijeshi wa wakati wa vita, na walisifika kuwa bora mjini. Baadhi ya wanafunzi wa vyuo hivyo viwili waliokuwa wakikutana kwa siri katika vikao vya maombi walianza kubishana kuhusu timu iliyo kali zaidi. Ubishi huo ukazaa wazo la kukutana uwanjani.

Lilikuwa wazo la hatari. Sheria na desturi za North Carolina zilitenganisha weusi na wazungu katika mabasi, shule, mikahawa na viwanja. Miezi minne tu baada ya mechi hiyo, mwanajeshi mweusi alipigwa risasi na kuuawa na dereva wa basi mjini humo baada ya mzozo kuhusu kiti, na dereva huyo akaachiliwa na mahakama. McLendon alijua kwamba iwapo siri ingefichuka, angeweza kupoteza kazi na vijana wake kupoteza maisha.

Alikubali. Mechi ilipangwa kuchezwa Jumapili ya Machi 12, 1944, saa tano asubuhi, wakati ambapo wakazi wengi, wakiwemo polisi, walikuwa kanisani. Wanafunzi wa Duke walifika kwa magari waliyoazima, wakizunguka njia za kando na kujifunika nyuso. Milango ya ukumbi ikafungwa. Kulikuwa na mwamuzi na saa, lakini mashabiki hawakuruhusiwa. Wanafunzi wachache waliogundua kulikuwa na jambo walichungulia kupitia madirishani.

Dakika za kwanza pande zote mbili zilicheza kwa woga na kukosea pasi rahisi. Kisha wenyeji wakaikumbuka kasi yao, na wageni hawakuwa wamewahi kukutana na kitu kama hicho. Mechi ilikamilika kwa alama 88-44.

Baada ya kupumzika, walifanya jambo lililokuwa la ajabu zaidi kwa wakati huo. Walichanganya wachezaji, weusi na wazungu katika kila timu, wakacheza tena. Mwanahabari wa gazeti la weusi aliyefahamu habari hiyo alikubali kutoiandika. Siri hiyo ilihifadhiwa kwa zaidi ya miaka 50, hadi mwanahistoria Scott Ellsworth alipoichapisha mwaka wa 1996.

Mataji matatu mfululizo

Kwa kuwa mashindano ya kitaifa yalikuwa yamefungiwa vyuo vya weusi, McLendon na makocha wenzake watatu waliamua kujiundia yao. Mnamo 1946, wao ndio waliokuwa nguzo za kuanzisha mashindano ya muungano wa vyuo vyao, CIAA, jijini Washington. Timu yake ilitwaa taji la kwanza kwa kulaza Virginia Union katika fainali iliyokwenda muda wa ziada mara tatu.

Miaka minne baadaye, aliwapeleka wachezaji wawili, Harold Hunter wa timu yake na Earl Lloyd wa chuo cha West Virginia State, kufanyiwa majaribio na klabu ya Washington Capitols. Wote wawili walitia saini mikataba. Hunter aliachwa kabla ya msimu kuanza, lakini mnamo Oktoba 31, 1950 Lloyd akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA.

Baada ya miaka miwili katika chuo cha Hampton, McLendon alihamia Nashville mwaka wa 1954 kukinoa kikosi cha Tennessee A&I. Naibu wake huko alikuwa Hunter yule yule aliyemwongoza Durham. Chama cha NAIA, kinachosimamia vyuo vidogo, kilikuwa kimeanza kuvifungulia mlango vyuo vya weusi. Timu yake ilipoalikwa Kansas City, McLendon alishikilia kuwa wachezaji wake walale na kula katika hoteli za katikati ya jiji kama timu nyingine, la sivyo hawatacheza. Walipewa vyumba.

Akiwa na vijana kama Dick Barnett na John Barnhill, ambao baadaye walicheza NBA, alitwaa taji la NAIA mwaka wa 1957, akalitetea 1958 na tena 1959. Hakuna kocha wa vyuo aliyekuwa ametwaa mataji matatu ya kitaifa kwa mfululizo kabla yake. Alipoondoka, Hunter alipanda kutoka unaibu na kuirithi timu.

Rekodi kama hiyo ingemfungulia kocha mzungu mlango wa chuo chochote kikubwa. Kwa McLendon, hakuna chuo cha wazungu kilichomkabidhi timu yake. Alielekea klabu ya Cleveland Pipers, na ilipojiunga na ligi mpya ya ABL mnamo 1961 akawa miongoni mwa Wamarekani weusi wa kwanza kuwa makocha wakuu katika ligi ya kulipwa ya mchezo huo. Alijiuzulu Januari 1962 baada ya kutofautiana na mmiliki wake, George Steinbrenner, kuhusu jinsi wachezaji walivyotendewa.

Ilikuwa hadi 1966, baada ya kukifundisha chuo cha Kentucky State, ndipo alipoteuliwa na Chuo Kikuu cha Cleveland State kuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika chuo chenye wanafunzi wengi wazungu. Alikuwa na umri wa miaka 51. Timu aliyoipata ilikuwa changa na dhaifu, na katika misimu mitatu ilishindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda.

Mexico City na baadaye

Mwaka wa 1968, McLendon aliteuliwa katika benchi la kiufundi la Marekani lililoongozwa na kocha Henry Iba kwenye Michezo ya Olimpiki jijini Mexico City, ile ile ambayo Wakenya Naftali Temu, Kipchoge Keino na Amos Biwott walinyakua dhahabu. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa katika benchi hilo. Marekani ilipiga Yugoslavia 65-50 katika fainali, nyota wake akiwa kijana Spencer Haywood.

Mwaka uliofuata alikutana tena na Haywood katika klabu ya Denver Rockets ya ligi ya ABA, lakini akafutwa kabla ya msimu kukamilika baada ya ushindi wa mechi 9 pekee kati ya 28. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho ya ukocha mkuu. Miaka iliyofuata aliifanyia kazi kampuni ya viatu ya Converse, akisafiri na kuendesha mafunzo ya mchezo huo. Mbinu zake alikuwa amezieleza katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1965 kuhusu mashambulizi ya kasi.

Mnamo 1979, aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima unaobeba jina la mwalimu wake Naismith. Hata hivyo, aliingizwa kama mchangiaji wa mchezo wala si kama kocha, jambo lililowashangaza waliozifahamu rekodi zake.

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. McLendon alivumilia, lakini tunda hilo liliiva akiwa kaburini. Alifariki Oktoba 8, 1999 katika mji wa Cleveland Heights, Ohio, akiwa na umri wa miaka 84, na ilipita miaka 17 kabla ya Ukumbi huo kumwingiza kwa mara ya pili mwaka wa 2016, safari hii kwa jina la kocha. Kikosi chake cha Tennessee A&I kilifuata mwaka wa 2019.

Leo, timu za viwango vyote hukimbia mara tu zinapodaka mpira na kubana wapinzani uwanja mzima, na wengi wa wachezaji hao hawajawahi kulisikia jina lake. Hazina ya masomo iliyoanzishwa kwa jina lake mwaka wa 1999 imewasaidia vijana wa jamii zilizobaguliwa kusomea usimamizi wa michezo, ili waingie katika ofisi na mabenchi ambayo yeye alilazimika kuyasubiri kwa miongo mitatu.