Velázquez: Mnunuzi wa mfalme na bustani ya Roma

Kama wasomaji wengi wa ukurasa huu, Diego Velázquez alivuka mipaka kwenda kununua mali. Mwaka 1649 Mfalme Felipe wa Nne wa Hispania alimtuma Italia kutafuta picha na sanamu za kupamba kasri la Madrid. Alirudi mwaka 1651, baada ya mfalme kutuma barua kadhaa za kumhimiza.

Alizaliwa mwaka 1599 Sevilla, mji wa bandari na biashara. Alijifunza uchoraji kwa Francisco Pacheco, ambaye baadaye alimwoza binti yake. Mwaka 1623 akawa mchoraji wa mfalme.

Riziki yake ilikuwa kuchora wakubwa. Lakini akiwa Roma alichora pia pembe ya bustani ya Villa Medici, katika picha ambayo urefu wake haufiki nusu mita. Ukiitazama haraka utaona miti na ukuta tu. Itazame tena. Tao kubwa la jengo limezibwa kwa mbao chakavu. Juu yake, kwenye ukingo wa roshani, kuna mwanamke na nguo nyeupe iliyoanikwa. Chini wanaume wawili wanazungumza. Mchoraji wa wakubwa aliona mbao na nguo ya kufuliwa vinastahili rangi yake.

Uzeeni aliomba kuingia katika kundi la waungwana wa Santiago. Kanuni zake ziliwakataa wafanyabiashara na wanaoishi kwa kazi ya mikono. Ikabidi mashahidi waape kwamba hakuwahi kuwa na duka wala kuuza picha zake. Mwaka 1659 akapokewa, kwa kibali cha Papa na uamuzi wa mfalme.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa mpakani. Juni 1660 wafalme wa Hispania na Ufaransa walikutana katika kisiwa kidogo cha mto Bidasoa kukabidhiana bibi harusi, naye Velázquez akasimamia mapambo ya upande wa Hispania. Alifariki Madrid tarehe 6 Agosti mwaka huo.

Picha ya bustani iko katika makumbusho ya Prado, Madrid. Ili aheshimiwe, ilibidi ithibitishwe kwamba hakuishi kwa jasho la mikono yake. Picha hiyo ndogo inaonyesha kwamba mikono hiyo ilifanya kazi, tena kwa uangalifu.